Tawi la Sajini Stidham

Kila siku ya kazi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Twyla Rasnick alilamba vikombe viwili vidogo vya mpira, kimoja baada ya kingine, akakibandika kigunduzi chake cha rada, kidude kinacholia rada ya polisi ikiwa karibu, kwenye kioo cha mbele cha gari. Vikombe vile havishiki bila mate, na dereva yeyote wa vilima vya Missouri anajua hivyo. Kisha aliweka kahawa mahali pake na mkoba wa bandeji kwenye kiti cha pembeni, akashuka mteremko wa Pruett kwenda kwa wagonjwa wake. Alikuwa muuguzi wa majumbani. Wagonjwa walikuwa tisa, wametawanyika kwenye maili sabini za barabara, na wa mbali kuliko wote alikuwa Bibi Opal Threlkeld, mjane aliyeishi peke yake maili ishirini ng'ambo ya mji, mwenye kidonda mguuni ambacho lazima kifungwe upya kila siku.

Twyla hakuwa dereva mkorofi. Ila mtu mwenye wagonjwa tisa na siku moja tu ya kuwaona wote, mguu wake huwa mzito kidogo, na leseni yake ilikuwa imeshakusanya pointi sita za makosa. Katika jimbo lile zikifika nane leseni inachukuliwa, na muuguzi wa majumbani asiye na leseni amemwaga unga. Kwa hiyo alikiamini kile kigunduzi kuliko alivyowahi kumwamini mumewe wa kwanza, ingawa wote wawili walikuwa na tabia ya kupiga kelele bila sababu.

Kelele za kigunduzi zilikuwa na dawa. Milango ya maduka makubwa, ile inayofunguka yenyewe mtu akikaribia, hutumia mawimbi yanayofanana na ya rada ya polisi, na kigunduzi hakijui tofauti ya askari na mlango. Ukichoka kupigiwa makelele mbele ya duka la nyama, unabonyeza kitufe mara tatu, nacho kinapakariri mahali pale na hakisemi tena. Madereva wa huko huita jambo hili kupasamehe mahali. Twyla alikuwa amepasamehe duka la vyakula, duka la dawa na duka la matairi.

Mji wa Pruett ulikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili, haukuwa na taa hata moja ya barabarani, na ulikuwa na askari wanne. Chini ya mteremko mwendo unaoruhusiwa unashuka ghafla kutoka maili sitini na tano kwa saa hadi thelathini na tano, na kibao kinachosema hivyo kimesimikwa kwenye kona. Hapo ndipo Sajini Garvin Stidham aliposimama na rada yake ya mkononi kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa saba buti zake ziliingia ardhini. Walimvuta kidogo kwa trekta, akalalamika kiuno, wakaacha. Mwaka wa nane gamba la mti likamfika magotini. Mwaka wa tisa bega lake la kulia lilitoa tawi, na tawi likatoa majani ya mwaloni, mapana na yenye afya. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mkewe, Noreen, alimletea chakula cha mchana kwa misimu miwili ya baridi, halafu akahamia kwa dada yake huko Arkansas, na hakuna aliyemlaumu.

Hakuweza tena kumkimbiza mtu, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alisoma namba ya gari, akaandika, na faini ikakufuata nyumbani kwa posta. Tawi lilikua upande wa barabara hadi likakifunika kibao chote. Tangu hapo faini za mji ziliongezeka maradufu, na kituo cha zimamoto kikapata paa jipya. Wageni walioandika kulalamika kwamba kibao hakionekani walijibiwa kwa heshima kwamba kibao kipo.

Mwezi wa pili, baridi ikiwa kali, gamba la Garvin lilipasuka kwenye visigino, na baraza la mji likamwombea muuguzi. Ndivyo alivyokuwa mgonjwa wa kumi wa Twyla. Kila alasiri saa tisa aliegesha gari ukingoni mwa barabara, akampima presha kwenye mkono wa kushoto, akamwosha mizizi kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akamng'oa uyoga katikati ya vidole. Walikuwa wamesoma darasa moja, kwa hiyo hawakuoneana haya.

"Unaendeleaje, Garvin?"

"Naendelea wapi na mimi nimesimama hapa hapa?"

"Ndege wamekujengea tena begani."

"Waache. Ndio majirani wangu, na hawana maneno mengi kama wa zamani."

Muda wote huo kigunduzi kilikuwa kikilia ndani ya gari kama mtoto aliyefungiwa nje. Garvin alikivumilia wiki nzima.

"Hicho kidude chako kinanitukana," alisema hatimaye.

"Hakikutukani. Kinakutaja tu."

"Basi kinanitaja vibaya. Nina miaka hamsini na minane, Twyla. Mtu aje kuniosha miguu, halafu gari lake linapiga yowe kama limeona mwizi?"

Twyla aliona haya kweli. Kwa muuguzi, mgonjwa hapigiwi yowe. Akaingia garini, akabonyeza kitufe mara tatu, na kigunduzi kikanyamaza.

"Haya, nimekusamehe."

"Asante, dada. Sasa naweza hata kuwasikia ndege."

Mwezi wa nne majani yalipochipua, Garvin alianza kulalamika kwamba tawi linamwelemea bega. Twyla alilipapasa kuanzia kwapani hadi kwenye vijiti vya mwisho, vilivyokikumbatia kibao pande zote.

"Unaweza kulisogeza?"

"Hata kulihisi silihisi. Limekufa ganzi lote."

Twyla alitoa sindano mkobani, akamchoma kidogo chini ya majani. Tawi lote lilitetemeka, na tone la utomvu likatoka.

"Umesikia maumivu?"

"Sijasikia kitu," alisema Garvin, machozi yakimlengalenga. Twyla akaandika kwenye fomu yake: anahisi. Hakumbana kwa hilo. Alikuwa ameona wagonjwa wengi wakikana mambo makubwa zaidi.

Jumanne jioni alikwenda kwenye kikao cha baraza, kinachofanyika ndani ya kituo cha zimamoto. Meya, Merle Hoskins, muuza chakula cha mifugo, alimkatia kwanza kipande cha pai ya pichi.

"Lile tawi linamuumiza mgonjwa wangu," alisema Twyla. "Naomba lipunguzwe."

"Twyla, mama, lile si tawi," alisema Merle. "Ule ni mkono wa mtumishi wa umma. Wewe ungependa tukukate mkono?"

"Basi lifungwe kamba livutwe upande wa pili."

"Hilo ni wazo. Tutaliundia kamati."

Kamati iliundwa palepale, na mjumbe wake alikuwa Merle. Twyla alimaliza pai yake. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Wiki ya pili ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa Bibi Opal.

"Mwanangu, sitaki kukusumbua. Una wengine."

"Sema, bibi."

"Damu imejaa kwenye ndara. Nimeibana kwa kitambaa cha vyombo, lakini haitaki kukoma."

Twyla aliligeuza gari. Mteremko wa Pruett alikuwa akiujua kwa mguu, si kwa macho. Miaka yote, akifika kileleni, kigunduzi kililia na mguu wake ukanyanyuka wenyewe. Tangu amsamehe Garvin hakikulia tena pale, na siku nyingine alijikumbusha mwenyewe; siku hiyo hakujikumbusha. Kona ilikuwa ya kijani kitupu, nzuri kweli, na yeye alikuwa akifikiria ile ndara. Alipita kwa maili hamsini na nne. Kwenye kioo alimwona Garvin akiinua mkono wa kushoto, akadhani anamsalimu, naye akampungia.

Alimkuta Bibi Opal amekaa jikoni, mguu juu ya ndoo, uso mweupe. Ilimchukua nusu saa kuikomesha damu.

"Nilijua utafika," alisema bibi. "Nimeshaamua, mwanangu, mimi nitafia jikoni hapa hapa, na wewe ndiye utakayenifumba macho. Usimwachie mtu mwingine, wana mikono baridi."

"Leo hufi."

"Sikusema leo. Nachemsha kahawa."

Saa tisa Twyla alikuwa chini ya mteremko na beseni lake. Garvin alikuwa na karatasi mkononi, ameikunja vizuri mara mbili.

"Ulipita hamsini na nne," alisema.

"Bibi Opal alikuwa anavuja damu."

"Nimesikia. Amepona?"

"Damu imekatika."

"Bwana asifiwe." Akamnyooshea ile karatasi. Twyla hakuipokea.

"Garvin, nina pointi sita. Hii inanifikisha nane. Unajua hilo."

"Najua. Ndiyo maana nilikupungia."

"Nilidhani unanisalimu."

"Nilikuwa nakusalimu pia."

"Nilikizima kile kidude kwa ajili yako! Wewe ndiye uliyelalamika!"

"Nami nilikushukuru, na leo nakushukuru tena. Lakini nikikuachia wewe, nitamwambia nini yule bwana wa Iowa wa jana? Alikuwa anakwenda kumzika mama yake, na nilimwandikia." Aliangalia mizizi yake. "Halafu hizi faini, Twyla, ndizo zinazokuleta hapa na hayo maji ya moto."

Twyla aliipokea karatasi, akaiweka mfukoni mwa aproni. Alikuwa na hasira. Hata hivyo aliyapima maji kwa kiwiko kabla ya kumwosha, kama kawaida, na hayakumuunguza.

Mahakama ya mji hukaa Jumanne, kwenye kituo kile kile cha zimamoto, meza zile zile. Hakimu alikuwa Clement Yoakum, mstaafu, mtaratibu sana. Twyla alimpa picha aliyoipiga akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, ikionyesha kile anachokiona mtu anayeshuka.

Hakimu aliitazama kwa muda mrefu. "Naona mwaloni mzuri," alisema.

"Kibao kiko nyuma yake, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unakubali kwamba kibao kipo."

Leseni ilichukuliwa kwa siku tisini, na kampuni ya wauguzi ikamwachisha kazi siku hiyo hiyo, kwa barua yenye maneno ya upole. Wagonjwa wake walipewa kijana mmoja wa makao makuu ya kaunti, mwenye adabu zake, aliyeweza kufika upande ule Alhamisi tu. Mara mbili jirani alimpeleka Twyla kwa Bibi Opal kwa gari lake la mizigo. Kisha msimu wa kukata nyasi ukaanza, na hakuna jirani mwenye nafasi wakati wa nyasi. Mwisho wa mwezi wa sita kidonda kilikuwa kimefika mfupani, na wakaja kumchukua bibi kumpeleka kwenye nyumba ya wazee iliyo maili sitini. Hakubishana. Alitaka tu wamruhusu aoshe kikombe chake kwanza.

Alifariki mwezi wa nane, asubuhi, kwenye chumba cha vitanda viwili. Twyla aliuliza kwenye simu ni nani aliyemfumba macho. Sauti ya upande wa pili ikasema ni mtu wa zamu. Twyla akauliza kama mtu huyo alikuwa na mikono baridi, na sauti ikamwomba arudie swali. Alikata simu, akakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akalia hadi shingo ikamuuma.

Garvin alibaki. Yeye alifikika kwa miguu, na visigino vyake vilikuwa bado havijafunga, kwa hiyo baraza la mji lilimwajiri Twyla moja kwa moja, kwa mshahara mzuri kuliko wa kampuni. Merle alileta mkataba mwenyewe pamoja na pai. Twyla alisaini. Kodi ya nyumba haikuwa imesimama kungoja siku tisini ziishe. Kila alasiri alitembea ukingoni mwa barabara na mkoba begani, madereva wakimpigia honi kumsalimu.

Mwishoni mwa mwezi wa nane tawi lilikuwa limefika katikati ya njia moja ya barabara, na malori yalilipunguza majani ya chini kila yalipopita. Garvin alikuwa amenenepa, na gamba limemfika kifuani. Hawakumtaja Bibi Opal. Mara moja tu, Twyla akimkausha, Garvin alisema, "Nimesikia kuhusu bibi. Pole sana." Twyla akasema, "Asante."

Siku moja Twyla alikuwa anamfunga kisigino cha kushoto. Kazi ile ilikuwa na sehemu ya kusimama, ya kuzungusha bandeji juu ya goti, na alikuwa amesimama kwa sehemu hiyo, mgongo kwa mteremko, aliposikia gari linakuja kutoka kileleni. Aligeuka. Lilikuwa gari la bluu, namba za jimbo lingine, baiskeli mbili za watoto zimefungwa juu. Lilikuja kwa mwendo wa mtu asiye na habari.

"Twyla," alisema Garvin kwa upole, rada ikiwa tayari mkononi. "Inama kidogo, dada. Umenikinga."

Alisimama palepale, bandeji mkononi, muda wa kutosha kuwaona watu wa mbele. Mwanamke aliyekuwa akiendesha alikuwa anacheka kitu alichoambiwa. Rada ilikuwa nyuma ya bega la Twyla, na bega hilo lilikuwa pana vya kutosha.

Kisha, gari likiwa bado halijawafikia, Twyla akainama, akaendelea kufunga kisigino.