Sikio la Mloka

Usiku wa jana niliota nipo kwenye foleni ya zahanati. Mbele yangu amesimama Mloka, kashika sikio lake la kulia mkononi. Mloka ni mtu wa kwenye tamthiliya yangu. Nimemtunga mwenyewe, na katika onyesho la mwisho anamuua mdogo wake, Msami, kwa sababu mjomba kamtia maneno na mpiga ramli kamtabiria. Naipenda sana tamthiliya ile.

"Shikamoo, mzee," anasema.

"Marahaba. Hilo sikio vipi?"

"Wanasema ni la kufa."

Nesi Tekla analiweka kwenye sahani na kulidondoshea dawa.

"Sikio! We sikio!" inaita dawa. "Nesi, halinisikii," inasema, imenuna.

Nesi anachukua kibanio, anaanza kuvuta. Kwanza linatoka neno la mjomba: *Msami anakucheka.* Refu, linateleza. Kisha la mpiga ramli: *Atakayebaki ni mmoja.* Anayatupa yote kwenye ndoo na kumpa Mloka pamba. "Wakija tena, ziba."

Halafu anainama. "Kuna jingine huku ndani. Mwandiko wa nani huu?"

Nachungulia. *Anamuua.* Mwandiko ni wangu. Niliona aibu, siwezi kukuficha.

"Ya mjomba nitayazibia pamba," anasema Mloka. "Hili nimezaliwa nalo. Nifanyeje?"

"Ndivyo ulivyoandikiwa," namjibu.

"Na aliyeniandikia si wewe?"

Nageuka nimwite nesi. Na zahanati sasa ni ua wa kina Mloka, foleni yote imekaa chini inatazama. Msami anakoroga uji, katupa mgongo. Mloka kavaa sikio lake, ana panga. Mjomba ananong'ona nyuma ya ua.

"Hayupo," inamjibu pamba. "Njoo kesho."

Mjomba anaondoka. Lakini neno langu bado limo, na mkono wa Mloka unapanda. Nalia kama mtoto. Namwogopea Msami, ambaye mimi mwenyewe nilimpa mistari minne tu.

"Acha kulia, mzee," anasema Mloka, panga likiwa juu. "Nipe kalamu."

"Lililoandikwa halifutiki," inaonya kalamu.

"Sifuti. Nabadili herufi moja."

Kalamu inafikiri. "Moja inaruhusiwa."

Anaandika kitu sikioni mwake, kwa kupapasa. Panga linashuka polepole, na anamtazama mdogo wake kwa muda mrefu.

"Msami," anasema.

"Naam, kaka. Kaa, uji umeiva."

Niliamka shati limelowa jasho. Mswada ulikuwa mezani, ukurasa wa mwisho wazi. Pale nilipoandika kwa wino *Mloka anamuua mdogo wake*, sasa panasomeka *Mloka anamjua mdogo wake*. Mwandiko ni wangu, isipokuwa hiyo j. Ina nukta juu, na mimi tangu shule sijawahi kuweka nukta kwenye j.

Nimeiacha hivyo hivyo.