Mtu wa Kamba

Nilimwahidi Bibi kwamba atakuwemo kwenye ubao, na hakuwemo. Nilijua vizuri, maana maandishi yenyewe niliyapaka mimi.

Ubao ulisimama langoni mwa bustani yetu ya bembea, umefunikwa shuka, ukingoja kufunuliwa saa nne asubuhi. Chini ya shuka kulikuwa na historia ya waanzilishi wawili: Nahodha, yaani marehemu babu yangu, na Mtu wa Kamba, ambaye hakuna aliyemjua.

"Daftari la kivuko ndivyo linavyosema," mjomba alinikatalia wiki nzima. Yeye ndiye meneja, na neno akilishika amelishika kama kupe. "Kivukoni waliandikana kwa kazi zao, si kwa majina. Sikiliza: 'Jumapili, abiria wanne tu. Mimi na Mtu wa Kamba tumeamua kununua bembea, tuziweke ng'ambo, watu wapate sababu ya kuvuka.' Mama namheshimu, lakini hapo yuko wapi?"

"Si alikaa dirisha la tiketi miaka arobaini?"

"Tiketi za bembea. Bembea zikiwa zimeshanunuliwa."

Nilinuna, nikapaka. Siku yenyewe nikaenda gatini kumngoja Bibi, nimwambie kabla hajafika langoni na kuaibika mbele za watu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nililolipanga lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Kivuko cha saa tatu na nusu kikaja, upepo ukikisukuma pembeni. Baharia akarusha kamba, ikaangukia majini. Akaivuta, akarusha tena, majini tena. Abiria wakaanza kuguna.

Ndipo nikamwona Bibi, miaka themanini na moja, akimkabidhi mkoba wake mama mmoja asiyemjua hata kidogo. Akampokonya baharia kamba, akaikunja duara juu ya duara, akarusha. Kitanzi kikaingia kwenye nguzo ya gati na kutulia.

"Unarusha kama unaanika nguo," alimwambia baharia, kisha akadai mkoba wake.

Aliposhuka, maneno yangu yote yalikuwa yameyeyuka. "Bibi, umejifunzia wapi?"

"Kwa babu yako, hapohapo kivukoni. Nilishika kamba miaka sita, mpaka nilipopata mimba ya mjomba wako, akaniteremsha."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani aliuliza? Nyie mlikuwa mnauliza kama mnaweza kupanda bembea bure."

Kuuliza si ujinga, lakini sisi ukoo mzima hatukuuliza. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana wiki nzima, nikamkumbatia nikicheka na kulia kwa pamoja. Akanisukuma, akasema namkunja gauni.

Langoni, shuka lilivutwa. Bibi akasoma polepole, akifuatisha kwa kidole. Mjomba, ambaye bado alikuwa hajui kitu, alimsogelea huku ameinamisha kichwa.

"Mama, usitukasirikie. Jina lako tulilitafuta daftari zima..."

"Lipi?" Bibi hakuondoa kidole chake kwenye ubao. "Marehemu aliniita Mtu wa Kamba mpaka siku anakufa. Hilo jina lingine alilikumbuka tukigombana tu."