Jina la Kujaribia

"Umelifungua hilo faili, baba? Haya, shuka nalo polepole mpaka uone pameandikwa bata. Umeona? Hapo hapo. Sasa futa bata."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha marehemu kaka yangu, simu sikioni, miwani imeshuka puani, akimwelekeza mhudumu wa zahanati fulani ambayo hatukuwahi kuiona. Mimi nilikuwa sakafuni, mgongo ukutani, nikisikiliza mashine ya kaka ikikwaruza chini ya meza kama mtu anayekomba ukoko. Ningependa kusema moyo uliniuma. Haukuuma. Nilikuwa kama mguu uliolaliwa: unauona upo, lakini ukiufinya ni kama unafinya wa jirani.

Bata ndiye kaka yangu. Nyayo zake zilitazama pande mbili, kama walinzi waliogombana, na jina likamganda tangu alipoanza kutembea. Ukubwani aliandika programu ya seva ya majina. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba; ukiandika jina la tovuti, lazima awepo wa kukutafutia namba yake. Programu ya Bata ilifanya kazi hiyo, naye aliiacha wazi mtandaoni, yeyote aichukue bure, aipasue tumbo, aitengeneze atakavyo. Wakaichukua wenye shule, zahanati, maduka ya dawa, ofisi ndogo ndogo zisizo na fundi. Yeye aliandika programu, mimi niliandika maelekezo, kwa sababu maelekezo aliyojaribu kuandika mwenyewe yalikuwa sentensi moja: "Isakinishe, itafanya kazi."

"Na isipofanya?" nilimuuliza.

"Basi ameisakinisha vibaya. Andika hivyo, mwandishi."

Programu ile ilikuwa na woga wake. Kila baada ya muda ilijihakikishia kama mtandao upo, kwa kuuliza jina moja la kujaribia. Jibu likija, inaendelea na kazi. Lisipokuja, inaamini dunia imekatika na inagoma kumjibu yeyote. Kwenye mfano wa mipangilio, Bata alitakiwa kuweka jina la uongo, miongoni mwa yale yaliyotengwa kwa ajili ya mifano, ili kila mtu alazimike kuweka la kwake. Yeye akaweka bata, jina lililojibiwa na mashine iliyokuwa chini ya meza chumbani kwake.

Nilimwambia watu hawasomi maelekezo, wananakili. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Waache waje wapige hodi. Nyumba yenyewe hii haina wageni."

Wakaja kweli. Ofisi za watu zilimuuliza kutwa kucha, na mashine yake ikawaitikia. Mtu mmoja wa mbali aliuliza kwenye jukwaa letu la mtandaoni kama bata ni kifupi cha maneno gani ya kitaalamu. Kaka akamjibu kwa heshima zote kwamba ni teknolojia ya zamani, hutembea upande upande lakini hufika.

Asubuhi moja alitoka kwenda kupimwa kifua, amevaa kandambili, maana alisema hakai huko. Kandambili zilirudi kwenye mfuko wa plastiki.

Msibani niligawa viti. Shangazi alinichungulia kila mara, kama anayechungulia sufuria iliyogoma kuchemka, na kila mara alinikuta nimeinamia simu, nafunga ripoti za hitilafu za programu. Jukwaani watu waliandika salamu za pole, kurasa kwa kurasa, sikuzifungua. Nilirekebisha ule mfano kwenye maelekezo, na mahali pa kueleza sababu ya mabadiliko nikaandika: "Jina la kujaribia lisiwe la mtu." Sentensi safi, haina kosa. Nikaenda kuosha vikombe.

Tulibaki wawili kwenye programu, mimi na mwenzetu tuliyemwita Viraka kwa kazi yake ya kuziba matundu. Sikuwahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa sauti tu.

"Diski ya mashine hiyo ninaisikia mpaka huku," aliniambia kwenye simu. "Ikijifia yenyewe, wote walionakili watazimika kwa mpigo na hawatajua kwa nini. Tuizime wenyewe, kwa vipindi. Leo kwa saa moja, keshokutwa kwa mbili. Wakwame kidogo, waulize, warekebishe. Kisha tunaizima moja kwa moja."

"Tungeihamishia kwangu."

"Na wewe ukifa?"

Viraka hakujua kubembeleza. Ndiyo maana tuliivana.

Mama ndiye aliyekataa. Alisimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi. "Kitu kinaitika watu, mnakizima ili iweje? Vyake vingine vyote vimenyamaza, hamvioni?"

Nilimweleza habari za diski, ofisi na wagonjwa. Nilieleza vizuri sana, kama ninavyoeleza kwenye maelekezo. Mwishowe alikubali saa moja tu, na akaivalia miwani saa ya ukutani ili nisimwibie.

Haukupita muda, simu yake ikaita. Bata alikuwa ameisajili namba ya mama kama ya mawasiliano ya mashine, bila kumwambia. Aliyepiga alikuwa karani wa duka la dawa.

"Samahani mama, mnafanya matengenezo? Kompyuta zetu zimegoma, tumefuatilia tukaikuta namba hii."

"Hapana, baba. Mwenyewe amefariki."

Kisha nikaisikia sauti ndogo ya yule karani ikimpa pole, ikiuliza aliugua nini, alikuwa na umri gani, kama alikuwa na watoto. Mama alimjibu yote. Alipokata simu alinigeukia.

"Niandikie hatua za kumwambia mtu. Herufi kubwa, mwanangu. Na usiandike kama unagombana na mtu."

Basi ikawa hivyo. Nikizima, simu inaita, na hata nikiwasha inaendelea. Mama aliwapa habari kwanza, akapokea pole zao, kisha akawaelekeza kumfuta mwanawe, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea hata herufi. Waliopiga kwa ukali walikata kwa upole. Mmoja alipiga tena jioni kuuliza tu kama amekula. Pole zilizokuwa zikinisubiri jukwaani, mama alizipokea kwa sikio lake, na mimi nikazisikiliza kutoka sakafuni kama redio ya chumba cha pili.

Siku ya kuzima moja kwa moja, waliobaki walikuwa wachache, wasiopiga simu wala kujibu barua pepe.

"Ukizima sasa, hao wanakatika sasa?" mama aliuliza.

"Karibu hivyo. Kila jibu linaondoka na muda wake. Anayelipokea analikumbuka kwa muda huo, likiisha analisahau, anarudi kuuliza. Hili lina dakika tano."

"Dakika tano. Nani kaweka?"

"Yeye. Alipenda kupigiwa hodi."

Alivua miwani. "Huwezi kuwaongezea?"

Maelekezo yote duniani, yangu yakiwa mbele, yanasema kabla ya kuzima seva punguza muda wa kukumbuka, usiache majibu ya zamani yakizurura kwa watu. Viraka angenicheka hadharani.

"Ninaweza kuwapa wiki."

"Wape wiki."

Nikaandika wiki. Halafu tukakaa tukingoja wapite. Walitokea kwenye skrini mmoja mmoja, kila mmoja akauliza jina lile lile, akachukua jibu jipya, akaenda nalo.

"Huyu nani?"

"Simjui. Labda shule."

"Na huyu?"

"Huyu pia simjui, mama."

Alipopita wa mwisho, nilizima. Diski ilikwaruza mara moja ikatulia, na kutoka nje tukasikia mtu akifagia.

Mama aliinuka, akatoa foronya, akatandua shuka. Akanitupia upande mmoja.

"Shika huko."

Nilishika. Tukalikung'uta, tukalikunja, tukalikunja tena, tukasogeleana mpaka tukakutana katikati ya chumba. Akashika ncha zangu pamoja na mikono yangu, na hakuiachia upesi.