Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Ruguru

Kanini angebaki kwake Runyenjes akichuma kahawa kama angejua nani angeletwa kwenye meza yake. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanda hadi baridi ya Timau kukaa siku chache wakifundishana kushona mablanketi ya viraka, na kila mwenye ufundi alipewa mwanafunzi. Mwenyekiti wao, Lydiah, akamletea Mwalimu Ruguru.

"Mwalimu alipata stroki," Lydiah akasema. "Mkono wa kulia siku hizi ni wa kushikilia tu. Na hapa ni wewe pekee unashona na kushoto, si ndio?"

Damu ikamchemka Kanini. Alishona kwa kushoto, ndiyo, lakini si kwa kupenda kwa huyu Mwalimu. Ndiye aliyemchapa rula kwenye vidole vya mkono huo huo, mwaka mzima wa darasa la pili, hadi akaogopa kushika kalamu. Sasa ameketi hapa anatabasamu kama mtu aliyealikwa chai!

"Unanikumbuka, Mwalimu?"

"Nimefundisha watu wengi, mama."

Mama! Kanini akamsukumia sindano, uzi na viraka viwili. Hakumwonyesha chochote. Ahangaike kwanza, alisema moyoni, ajidunge vizuri, ndipo tuongee.

Mwalimu Ruguru akakandamiza viraka kwa mkono wake mbovu. Akachomeka sindano isimame kwenye kitambaa, akapitisha uzi tunduni kwa kushoto mara moja tu, akaanza. Mishono ikatoka midogo, imenyooka, ikifuatana bila kusita.

Hasira ikampanda Kanini. Mkono unaoanza kujifunza haufanyi hivyo.

"Wewe ni wa kushoto," akasema, na wa meza zote wakageuka. "Ulizaliwa hivyo."

Mwalimu hakuinua uso. "Baba alinitoa hiyo tabia nikiwa mdogo. Na kiboko."

"Kwa hivyo ulikuwa unajua vile inauma?"

"Nilikuwa najua."

"Na bado ukanichapa!"

"Nilitaka ikutoke mapema, Kanini."

Kumbe jina alilijua muda wote. Mwalimu akaachilia sindano, akaanza kuuteremsha ule mkono wa kushoto chini ya meza. Kanini akaudaka, akaurudisha juu ya kitambaa kwa nguvu.

"Shona," akasema, machozi ya hasira yakimtoka. "Shona hapa juu, kila mtu aone."