Mgeni wa Marcelline

"Hii portail, nani aliisouder?" alifoka Ghislain, ajenti wa kodi, akiligonga geti kwa ufunguo wa pikipiki.

Isidore alilitazama geti lake kana kwamba limeota lenyewe. Mishono ya chuma bado iling'aa. Aliichomelea juzi, polepole, jinsi fundi anavyochomelea kitu atakachokitazama kila asubuhi hadi uzee. Majirani wa mtaa wa Shituru walijua jibu, nao wote walikuwa pale ukutani, maana mtu akibanwa na kodi hakuna anayebaki na sufuria.

"Fundi moja," alisema Isidore.

"Fundi moja! Eko na jina?"

Ukutani walicheka. Isidore hakucheka. Nyuma yake, chini ya turubai, ilikaa mashine ya kuchomelea aliyoileta kutoka Solwezi, upande wa Zambia, baada ya miaka ya kutumikia mgodi wa watu. Alitaka kufungua karakana hapa hapa Likasi, asivuke tena mpaka kwenda kulala kati ya wanaume wanaokoroma. Sasa Ghislain alitaka kuikamata.

"Kule banakata impôt mu mushahara yangu kila mwezi," Isidore alilalamika. "Permis yangu inasema naikala Solwezi. Munataka munikate mara ngapi, patron?"

"Permis ni ya kule. Huku tunaangalia nyumba ya muntu. Muke yako eko hapa, batoto beko hapa, bukari yako inapikwa hapa. Basi weye ni mukaaji wa hapa, na yote ulipata kule unapashwa kuideclarer huku, ulipe kodi. Hauna pesa? Nabeba mashine. Ao sema mbele ya hawa bantu: unaikala wapi?"

Mwenye busara angeomba siku mbili. Lakini Isidore alikuwa na ulimi wa mpakani. Pale Kasumbalesa fundi hukaa popote panapompa nafuu siku hiyo: kwa Wazambia, Solwezi, kwa Wakongomani, Likasi. Hakuna anayeona amedanganya. Ukishavuka, neno umelitupa.

"Hapa sina nyumba," alisema, kwa sauti ya kufika ukutani. "Nyumba ni ya Marcelline. Minye niko mugeni."

Ghislain aliiangalia mashine, akatema mate. "Sawa, mugeni. Bote banasikia. Siku nitakukuta unafungua atelier hapa, nitakuya na camion ya kubeba mashine."

Akawasha pikipiki, akaondoka. Ukutani hakuna aliyecheka tena.

Penye kivuli cha jiko, Mama Madeleine, mamake Marcelline, aliketi akimpa mkwe wake mgongo, kama heshima ya watu wa Kasai inavyotaka. Tangu harusi hajamwambia Isidore neno ana kwa ana. Yote hupitia kwa binti. Hata sasa hakugeuka.

"Marcelline, uliza ule mugeni wako: mahari tulikula ilikuwa ya nani?"

"Maman, ilikuwa tu juu ya mashine..." Isidore alianza.

"Muambie bageni habanijibu minye. Muambie tena, baoncle bako nimesha kubaita ku telefone. Kama mutoto yetu hana bwana, tutamurudisha kwetu."

Isidore alimgeukia mkewe. "Marcelline, weye unajua ni maneno tu."

"Maneno tu?" Marcelline hakupandisha sauti, hilo ndilo lililomtisha. "Bantu bananiuliza, bwana yako eko wapi? Nasema, anakuya. Miaka yote nasema, anakuya. Sasa unafika, unasema hauko."

Jua lilipoegemea dohani za kiwanda, Isidore aliletewa ugali wa bukari kwa kuku, maana mgeni halishwi majani. Paja, kidari, vinono vyote. Isidore alipekua mchuzi mara mbili. Firigisi haikuwemo. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke hailambi wala hamgawii mwingine, na sahani ikitoka bila firigisi, mume hahitaji kuelezwa.

"Iko wapi?"

"Nimemuwekea mwenyewe," alijibu Marcelline. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kisahani cha maua. "Akirudi, atakula."

Nje, viatu vingi vilikwaruza changarawe. "Hodi!" Sauti nzito, za wajomba walioitwa.

Tonge la bukari lilibaki mkononi mwa Isidore, limeshabonyezwa kwa kidole gumba. Watoto walimtazama mama yao. Mama yao alimtazama Isidore.

"Hodi humu ndani!"

Nyumba nzima ilimsubiri mwenye nyumba aitike.