Dawa ya Mgongo

"Unaonja au unanipunguzia?" wifi yake alimuuliza huku akinyoosha mkono kutoka kitandani.

Bi Majani alimeza kijiko chake, akangoja kidogo, ndipo akammiminia kikombe cha dawa kutoka kwenye chupa ya chai. Miaka thelathini aliyouza dawa za majani, hakuwahi kumpa mtu kitu ambacho hakukitia kinywani mwake kwanza, tena mbele ya macho ya huyo mtu. Marehemu mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Watu walikiamini kijiko kile kuliko maneno yake yote.

"Kunywa upesi, nesi asije akarudi."

"Nakunywa. Chungu kama ulimi wa mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu si ndiye mama yako wewe?"

"Ndiyo maana nasema. Namjua."

Wakacheka kwa kujibana. Wifi alicheka huku ameshikilia tumbo, maana lilikuwa limejaa maji, limetanuka kama la mja mzito wa miezi saba, na mikono imebaki mifupa. Weupe wa macho umekuwa njano.

Ilikuwa wiki ya tatu sasa wodini. Madaktari walimtoa maji kwa sindano, yakarudi. Walimuuliza kama anakunywa pombe.

"Pombe naijua kwa kaka yangu, mume wa huyu hapa," akajibu, na wodi nzima ikacheka.

Wakauliza kama ametumia dawa za miti shamba. Hapo wifi akatazama dari, Bi Majani akatazama kucha zake. "Hapana, daktari," wakasema pamoja, kama watoto walioambizana. Waliogopa kugombezwa. Na Bi Majani aliamini kabisa kwamba ile dawa ya mgongo, aliyoanza kumpa miezi minne nyuma mgongo ulipokaza kwa kufua nguo za watu, ndiyo iliyokuwa ikimshikilia.

Siku ile alipokuwa anatoka, daktari alimsimamisha mlangoni. Alikuwa kijana mpole, macho yamechoka. "Mama, sitaki kukuficha. Ini linakwisha na sijui kinacholimaliza. Nisipokijua, mgonjwa wako hatutakuwa naye muda mrefu."

Bi Majani alirudi nyumbani akakoka moto. Alijaza sufuria majani mabichi, yale yenye maua madogo ya njano kama vifungo vya shati, akaanza kuchemsha. Dawa ile hupikwa kutwa nzima, sufuria tatu za maji mpaka ibaki moja, nzito, nyeusi. Jani lenye ukali huachiwa moto, moto uile sumu: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine.

Akawa anakoroga, na mkono ukasimama.

Wiki iliyopita aliteguka mguu, akakaa ndani siku nne bila kwenda hospitali. Siku aliyorudi, nesi alimwambia kwa furaha kwamba mgonjwa amekojoa vizuri na ameomba chakula. Bi Majani akafurahi, akafungua chupa yake. Siku ya pili yake tumbo likaanza tena kukaza. Na siku za kwanza alipolazwa, je? Zile siku mbili walipokataza wageni? Nazo alipata nafuu.

Mtu anayeishi kwa kutazama majani hujifunza kutazama na vingine. Akaketi chini. Sufuria ikaendelea kuchemka, hakuna aliyeikoroga, mpaka ikaungua.

Asubuhi alikwenda shambani na jembe, akang'oa mche mzima, mizizi, maua na udongo wake, akaufunga kwenye gazeti. Hakwenda wodini. Alikwenda kwenye kidirisha cha maabara, akamkuta mpimaji, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mama. Umeleta choo au mkojo?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta makosa yangu."

Mpimaji alifungua gazeti, akageuza jani, akapasua ua kwa ukucha. Kisha akamvutia kiti ndani, mahali wagonjwa hawaruhusiwi.

"Amekunywa kiasi gani?"

"Vikombe viwili kwa siku. Miezi minne. Lakini naipika sana, baba. Moto unaila ile sumu."

"Moto umekula maji tu, mama. Kilichomo kwenye jani hakiogopi moto. Umechukua cha sufuria tatu ukakitia kwenye moja."

Mpimaji akaendelea taratibu, akichora ini nyuma ya karatasi ya majibu.

"Tena kina ujanja. Kikiwa kwenye jani, bado hakina nguvu ya kuua. Ukikimeza, ini linakipokea, linajaribu kukivunja likitoe nje. Katika kule kukivunja ndipo kinageuka sumu. Yaani ini lenyewe ndilo linaloipika, na lenyewe ndilo linaloungua. Mishipa midogo ya ndani inaziba, damu inakosa njia, maji yanavujia tumboni."

"Mbona mimi naonja kila siku, na nipo?"

"Wewe kijiko, yeye kikombe. Na hakiui leo wala kesho, ndiyo maana hata waliokufundisha hawakukiona." Akachukua sindano. "Hebu lete mkono wako nao."

Alipomweleza wifi yake, Bi Majani alianza kulia.

"Acha kulia, utanifanya nijione nimeshakufa," wifi alisema. "Miezi minne unaninywesha sumu, na bado nikakusifia mapishi! Nikipona utanifulia nguo mwaka mzima."

"Nitafua miwili."

"Nesi, umesikia? Uwe shahidi."

Daktari hakumgombeza. Aliandika kwenye faili, akasema sasa wanajua la kufanya, na la kwanza ni kuacha. Ini likiachwa lipumzike huweza kujijenga, ingawa si kila mara. Alimwomba Bi Majani amtafutie wengine waliokunywa.

Walikuwa kumi na mmoja. Alikwenda mlango kwa mlango, na mguu wake bado unauma. Wengine walimshukuru. Mwenye duka la unga alimwambia mbele ya wateja kwamba ni mchawi, yeye akajibu, "Niite utakavyo, kesho kapimwe." Kesho yake alimkuta kwenye foleni ya maabara, amejifunika kanga usoni. Majibu ya damu yake mwenyewe Bi Majani yalionyesha ini lililochoka kidogo, la kuangaliwa tena baada ya miezi mitatu.

Wiki zikapita. Kila asubuhi nesi alizungusha futi ya kushonea kwenye tumbo la wifi na kuandika. Siku nyingine namba ilisimama palepale, siku nyingine ikapanda tena. Kisha ikashuka siku nne mfululizo.

Siku ya tano, Bi Majani alikuta kitanda kitupu. Akachungulia ukumbini.

Wifi yake alikuwa mbele, peku, kiganja kimeegemea ukutani, kikifuata ule mstari ambapo rangi ya kijani inakutana na nyeupe. Alifika kwenye mlango wa choo, akaupita. Akapita mlango wa nesi. Bi Majani aliokota viatu chini ya kitanda, akamfuata hatua tatu nyuma, bila kumwita, kuelekea mwisho wa ukumbi, ambako mlango wa uani ulikuwa wazi na mtu anaanika mashuka.