Usiachilie Mkono

Papa Athanase alikuwa anacheza rumba na kijiti cha meno mdomoni. Vahwere Pétronille alikiona alipotoka jikoni na sahani yake, kikipanda na kushuka kati ya midomo inayong'aa mafuta ya mbuzi, ncha yake ikipita karibu kabisa na shingo ya Sandrine, msichana aliyekuwa anacheza naye. Kipande cha nyama alichokuwa anakitafuna kikamkinaisha palepale. Akakitema kwenye karatasi. Mtu mzima na mvi zake, parrain wa ndoa, aliyechaguliwa na familia mbili awe mfano kwa maharusi!

Pétronille hakuwa mtu wa kushtushwa na ngoma. Mwaka wa kumi na mbili sasa alikuwa anafundisha cortège, wale vijana wanaowasindikiza maharusi wakicheza wawili wawili, na katika mtaa mzima wa Lumumba ndoa isiyopita mikononi mwake ilionekana imefanywa nusunusu. Kwa miezi miwili, kila Jumapili baada ya misa, aliwapanga wavulana sita na wasichana sita katika ukumbi wa parokia. Kucha zikatwe. Pete kubwa zivuliwe. Mkono wa mvulana ukae chini kidogo ya bega la msichana, na usitembee. Aliyekuja ananuka jasho alirudishwa nyumbani akaoge, hata kama mama yake amesimama mlangoni anatazama.

Lakini parrain haji mazoezini. Nani angethubutu kumwita? Desturi inampa ruhusa, keki ikishakatwa, kuchagua msichana yeyote wa cortège acheze naye. Wazee wengine wanamfuata, kila mmoja na wake, na wasichana hawakatai. Papa Athanase alimchagua Sandrine, mdogo wa bibi harusi, binti wa kaka yake Pétronille, msichana wa miaka kumi na minane anayeona haya hata kuomba chumvi mezani.

Mkono wa mzee, na pete yake nene, haukukaa hata kidogo mahali pa heshima. Ulikuwa umeshuka chini ya kiuno na kutulia huko, mbele ya mapadri na mbele ya keki. Leso aliyojifutia makwapa ilikuwa begani kwa msichana. Alimkanyaga mara mbili na viatu vyake vyenye ncha, kisha akamzungusha kwa nguvu, mpaka kifundo cha mkono wa Sandrine kikapinda naye akapepesuka. Mzee akacheka, akamvuta tena, akamgandamiza na tumbo.

Na Sandrine alikuwa anatabasamu.

Pétronille akamwinamia wifi yake Véronique, mama wa Sandrine na wa bibi harusi, Aimée. "Véro, unaona vile anamushika mutoto?"

Véronique hakugeuza kichwa. "Naona. Ni parrain. Acha mwimbo iishe."

"Atamuvunja mukono."

"Na weye unataka kuvunja ndoa ya Aimée? Unajua ile mambo. Kamera iko inakamata."

Alijua, tena sana. Watu wa hapa wanaamini kwamba wawili wakiachana katikati ya wimbo siku ya harusi, maharusi nao wataachana. Pétronille mwenyewe hakuwahi kuamini upuuzi huo, lakini ulimfaa kazini, kwa sababu ulifanya mistari ikae sawa na video itoke nzuri. Akaufanya sheria: usiachilie mkono kabla wimbo haujaisha. Jumapili moja Sandrine alimuuliza shangazi yake, kwa sauti ndogo, "Tantine, na kama mutu ananishika mubaya?" Naye, akiwa ameshika orodha ya nyimbo, akili yake kwenye hatua za kuingilia, akamjibu, "Unacheka, unamaliza mwimbo, kisha unakuja kuniambia."

Sasa aliliangalia lile tabasamu. Ni lake. Alilifundisha yeye, meno ya juu tu, kidevu juu kidogo. Kinyaa alichokuwa nacho kwa Papa Athanase kikamgeukia mwenyewe, akaiweka sahani chini.

Akaingia katikati ya wachezaji na kuushika mkono wa Sandrine, ule mzima.

"Mama Pétro!" Mzee alicheka na kijiti chake. "Mwimbo haiyaisha!"

"Kwako imeisha. Toa mukono kwa mutoto. Na utoe ile kijiti, utatoboa mutu jicho."

"Batu banakuangalia."

"Baangalie."

Akamtoa msichana nje, hadi kwenye pipa la maji nyuma ya ukumbi. Nyuma yao Véronique alikuwa analia kwamba ndoa ya mtoto wake imelaaniwa. Sandrine akaanza kujisugua shingo kwa kiganja, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kifundo kilikuwa kimevimba. Na bado alikuwa anatabasamu, meno ya juu tu, kama vile uso umesahau namna ya kurudi.

"Nilicheka muzuri, tantine?"

"Acha kucheka, mwanangu. Acha sasa."

"Si ulisema nikuje kukuambia kisha mwimbo iishe." Alijimwagia maji kwenye kifundo. "Ile ilikuwa mwimbo ya tatu. Kwa mbili za kwanza ulikuwa ku jikoni, na huyu papa hakuniachilia."

Pétronille alimfuta shingo kwa ncha ya kitenge chake, polepole, akamkalisha kwenye kiti. Ndani, wimbo mwingine ulikuwa umeanza, na sauti ya Bruno, msema-chochote wa sherehe, ilikuwa inaomba radhi kwa parrain na kuwahimiza wazee wasipoe. Pétronille alirudi ndani moja kwa moja, akamnyang'anya Bruno kipaza sauti.

"Mabinti yangu ba cortège," alisema. "Miye niliwafundisha mubaya. Mutu akikushika mubaya, achilia mukono. Mwimbo iko katikati, achilia tu. Hata sasa."

Muziki uliendelea. Mpiga video aligeuza kamera, hakujua amkamate nani. Claire, msichana wa cortège aliyekuwa anacheza na mjomba wa bwana harusi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi nyuma. Kisha mwingine, karibu na dirisha. Pétronille alikuwa amefikiri tatizo ni mzee mmoja na msichana mmoja. Kati ya wasichana watano waliobaki uwanjani, wanne waliachilia mikono.